Nyuma ya Mstari wa Chokaa

"Rudi nyuma, Mama!"

Sauti yangu ilivuka uwanja ikagonga kuta za mabweni. Wanafunzi waliojazana madirishani waligeuka kunitazama. Mama alisimama ghafla, mguu mmoja umeshavuka mstari wa chokaa, mikono ameifungua kama mtu anayepokea mtoto.

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimekohoa darasani. Kikohozi chenyewe hakikuwa kikubwa, lakini mhadhiri aliacha sentensi njiani, na viti vya kushoto na kulia vikaburuzwa kunikimbia. Barakoa nilikuwa nimevaa. Mikono nilikuwa nanawa mpaka ngozi imepauka. Hayo hayakunisaidia kitu nesi alipokuja na glavu zake kunipeleka bweni la mwisho, lililotengwa kwa wagonjwa na kuzungushiwa mstari wa chokaa, huku watu wakinipisha njia ya kupita lori. "Ndiye huyo," mmoja alisema. "Kaanza yeye." Niliinamisha kichwa kama mwizi.

Nyumbani sikusema. Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyempigia Mama simu. Basi Mama, fundi cherehani, akaacha gauni la mtu kwenye mashine akaja mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, barakoa hana. Alimlemea mlinzi wa getini kwa maneno mpaka akampisha.

"Mwanangu anaumwa, nyie mnanichorea mistari?" alimfokea nesi.

Mtu alicheka ghorofani. Mpaka hapo nilikuwa naona aibu ya ugonjwa. Sasa niliona aibu ya futi ile, ya kandambili zake, ya sauti yake iliyozoea kushindana na kelele za sokoni. Mama ana pumu. Nilijua akinikumbatia anaweza kufa, na ndiyo maana nikapiga kelele. Lakini haikuwa hiyo tu, na nadhani ile sababu nyingine aliisikia.

Alirudisha mguu. Akavuta ncha ya mtandio, akaziba pua na mdomo.

"Samahani, mwanangu," alisema. Nesi ndiye aliyekuwa akimwambia, si mimi. Akaondoka bila kugeuka.

Nilipona. Miaka imepita, Mama bado anashona, tunacheka na kuteta kama kawaida, ila siku ile hakuna anayeigusa.

Jioni ya siku ile ile nilimpigia simu.

"Ulifika salama?"

"Zamani. Umekula?"

"Nimekula."

Sahani yangu ilikuwa mezani, imepoa, sijaigusa.

"Haya, lala mapema," alisema, na kabla hajakata, nyuma ya sauti yake nikasikia honi za magari, kisha yule mlinzi wa chuo chetu akimwambia kwa upole, "Mama, inuka sasa, tunafunga geti."