Ukingo wa Picha ya Bundi

Ardis Lindquist hakumwamini Wendell Maki tangu alipoiona ile picha ya bundi juu ya nguzo. Ilikuwa safi mno. Na chama chao cha wapiga picha pale Duluth kina sheria mbili: hukati ukingo wa picha, na humvuti bundi kwa chambo cha panya. Ukivunja moja, unatoka. Wendell alikuwa na miaka kumi na tisa chamani, na Ardis ndiye mwamuzi.

Basi Jumamosi asubuhi akamwita jikoni kwake, aje na faili ghafi, yaani picha kama kamera ilivyoinasa, haijapikwa na programu yoyote. Ardis akaifungua kwa programu yake. Upande wa kushoto ukachomoza utepe mwembamba, na ndani yake kipande cha gari jekundu.

"Gari lako hilo," alisema. "Kwenye picha uliyoleta halipo. Umekata."

"Bi Ardis, mimi hata kucha nakatwa na mke wangu. Nimetumia programu iliyokuja na kamera. Lenzi inapinda mistari, programu inainyoosha, pembeni panaliwa kidogo. Yako hainyooshi, basi inaonyesha vyote."

"Maneno matamu hayo, Mzee Wendell. Ungeuza magari mabovu ungetajirika."

"Kamera zetu si aina moja? Jaribu na yako."

Ardis akamtazama kwa jicho la pembeni. Haya, atamfunga mdomo. Akaitafuta faili ghafi ya picha yake iliyoshinda mwaka jana, ile iliyotundikwa juu ya friji: bundi kakunjua mabawa, anaijia kamera chini chini juu ya theluji. Wakati ule naye aliipika kwa programu ya kamera. Sasa akaifungua kwa hii nyingine.

Utepe ukatokea. Kumbe Wendell alisema kweli.

Lakini ndani ya utepe palikuwa na glavu ya sufu, ya kijani, yenye kiraka cha kijivu kwenye kidole gumba. Kiraka hicho alikishona Ardis mwenyewe. Chini ya glavu ulining'inia mkia wa panya.

Siku ile mumewe, Harlan, alimwambia, "Wewe simama hapa tu, utaona." Naye akasimama. Hakujiuliza bundi alifuata nini.

"Imeonyesha?" Wendell aliuliza, akinyoosha shingo.

Kidole cha Ardis kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufunga. Angeifunga, utepe wa Wendell ungebaki peke yake, na Wendell angetoka chamani.

Sebuleni Harlan alikohoa. "Kahawa bado, mama?"

Ardis akaigeuza kompyuta, kioo kikamtazama Wendell. Wendell akainama, akauona ule mkia wa panya.

"Harlan," Ardis aliita polepole, "njoo jikoni. Na uje na glavu zako za kijani."