Mikorosho Misafi ya Bi Somoe

Njia ya Nanyamba nzima ilijua hakuna mikorosho misafi kama ya Bi Somoe, maana mwenyewe alihakikisha inajua. Chini ya miti minane aliyoachiwa na marehemu mumewe palifagiliwa kama uani. Akiwaona maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, alifunga mwenge wa makuti kwenye upondo akawababua.

"Wawang'ate waokotaji wangu, nami niwatazame tu?"

Kwa jirani yake Mwanahawa chungu walijaa tele; uvivu huo, alisema Bi Somoe. Mwanahawa aliokota korosho huku akijikuna.

Mwaka wa sabini na mbili machipukizi ya Bi Somoe yakakauka, ncha nyeusi kama zimepita motoni. Ya Mwanahawa yakatoa maua. Bi Somoe hakufikiri sana: Mwanahawa aliwahi kuisifia mikorosho yake bila kusema mashallah. Habari ya jicho akaipeleka kisimani, nayo haikulala huko.

Mwanawe Thabiti akanoa shoka.

"Jumamosi naikata, mama. Tupande mihogo."

"Miti ya baba yako!"

"Baba aliacha mikorosho. Hizi ni kuni zilizosimama."

Jumatano akapita bwana shamba, kijana aitwaye Waziri, baiskeli imejaa chupa za wadudu. Alikuwa akichunguza wadudu wanaofyonza utomvu, na mimea wanayoipenda. Bi Somoe akamsimulia jicho la Mwanahawa mwanzo hadi mwisho. Waziri akasikiliza kwa adabu, kisha akaomba kipande cha chandarua. Akashona vifuko viwili, akavivika machipukizi mawili mazima. Kimoja akakitia mdudu mwembamba kama mbu, mwenye kitu kama pini mgongoni. Kingine akakiacha kitupu.

"Kesho utanisomea wewe, bibi."

"Mjukuu wangu, mimi niliishia darasa la tatu."

"Hapa la kwanza linatosha."

Alhamisi wakafungua. Chipukizi la kifuko kitupu lilikuwa kijani. La mdudu lilijaa madoa meusi, kama limedungwa sindano.

"Basi Mwanahawa ndiye kamtuma!" alisema Bi Somoe, maana kuacha neno ulilokwisha kulitangaza kisimani si kazi ndogo.

"Huyu hatumwi, bibi. Hata kwa Mwanahawa anafika, ila maji moto wanamkamata. Kwako nani amkamate?"

Bi Somoe akautazama mwenge wake.

"Tena hizi mbaazi katikati ya miti," Waziri akaongeza, "nazo anazifyonza."

"Nilizipanda pasikae bure."

"Na kweli hapakukaa bure."

Ndiyo hivyo: mgeni kamwandalia chakula, walinzi kawachoma moto, jirani kamsingizia. Kwa bidii namna ile, adui wa nini tena?

Thabiti akasema chungu wakiingia mitini kabla ya Jumamosi, shoka atalirudisha. Ijumaa asubuhi Bi Somoe akabeba gunia.

"Hodi, Mwanahawa mwanangu."

"Karibu, bibi. Nikutazame, au nifumbe macho?"

"Nitazame tu. Nimekuja kuomba maji moto."

"Wale ninaowafuga kwa uvivu?"

"Hao hao."

"Na jicho langu?"

"Jicho lako zima. Bovu ni langu."

"Maneno matamu hayo. Kayaseme kisimani, kisha uje uchukue."

Akaenda. Akayasema mbele ya ndoo kumi na moja na wenyewe, mmoja akamwomba arudie, hakusikia vizuri. Akarudia.

Mwanahawa akamkatia matawi yenye viota, wakayatia guniani. Gunia lilikuwa na tundu. Watu waliokuwa wakitoka msikitini walimwona bibi mzima akirukaruka njiani, mzigo kichwani, hautupi.

Jumamosi Thabiti akaja na shoka, akashika shina la mkorosho wa kwanza kutafuta pa kupiga. Akapiga ukelele, akakung'uta mkono hadi kwapani.

Bi Somoe alikuwa kizingitini, anapaka mafuta ya nazi shingo iliyovimba.

"Waambie basi wewe ni mtoto wa mwenye miti," alisema.

Thabiti akaokota shoka, akaenda kukata mbaazi.