Kikokotoo Kutoka Maskati

Kikokotoo kilitumwa na kaka yake Salme, Humaidi, aliyehamia Maskati. Kililetwa na jamaa aliyekuja msibani, kimeviringishwa ndani ya shuka. Kilienea kiganjani, na namba zake ziliwaka nyekundu kama makaa. Mwalimu Salme binti Hilali alikuwa na watoto themanini na saba katika chumba kimoja cha shule huko Isevya, mjini Tabora, na kujumlisha alama zao kulikuwa kunammaliza macho. Sasa kazi ya siku tatu aliimaliza kabla ya kengele ya uji. Walimu wenzake walikuja kukishika kwa zamu. Mwalimu mkuu, Justus, alikiita msaidizi asiyeomba likizo.

Ilikuwa mwezi wa tano, 1979. Siku moja Salme alitoa daftari la alama la mwaka uliopita, kujifurahisha tu, aone kama mkono wake na mashine vitasema neno moja. Vilisema neno moja mpaka mstari wa kumi na nne. Hapo mkono ulikuwa umeandika 709. Mashine ikasema 719.

Akarudia. 719. Akachukua penseli, akajumlisha taratibu kama anayefundisha. Safu ya mamoja ilizaa arobaini na tisa. Alitakiwa kubeba nne. Alikuwa amebeba tatu. Watoto wa darasa la tatu alikuwa akiwachapa kwa kosa hilo.

Mstari ule ulikuwa wa Sikuzani, binti wa Bi Batuli muuza vitumbua. Mwisho wa mwaka ule ilibaki nafasi moja ya msichana kwenda sekondari, na wasichana wawili wa shule ile walikuwa wamefungana kwenye mtihani. Ikaagizwa jumla ya mazoezi yao kumi ya darasani iamue. Marcelina alikuwa na 714. Salme ndiye aliyejumlisha. Marcelina akaenda kidato cha kwanza. Sikuzani, mwezi wa pili, akaolewa na mkulima wa tumbaku wa kijiji cha Ipole.

Salme alilipeleka daftari kwa Mwalimu Justus. Justus aliangalia, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi liishie hapa. Utamtoa Marcelina darasani umrudishe kwao? Na saini iliyo chini ya karatasi ya alama tuliyoipeleka mkoani ni yangu, mwalimu. Wataniuliza mimi."

"Na Sikuzani?"

"Ameshaolewa," Justus akasema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Jumamosi Salme alikwenda Ipole. Magari mengi yalikuwa yamechukuliwa kwenda vitani Uganda, akapata lori lililopeleka magunia, akasafiri juu yake mpaka kiuno kikafa ganzi. Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari. Sikuzani alikuwa kando ya bani la kukaushia tumbaku, akitunga majani mabichi kwenye vijiti, vidole vyeusi kwa utomvu. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana.

"Shikamoo, mwalimu!" Aliinuka kwa furaha iliyomchoma Salme kuliko tusi. "Mama mzima?"

"Marahaba, mwanangu. Mzima." Akaketi juu ya gogo, akaona akianza kuzunguka hatasema kamwe. "Sikuzani, nafasi ile ilikuwa yako. Nilikosea kujumlisha."

Msichana akauliza, "Nilipungukiwa ngapi?"

"Hukupungukiwa. Mimi nilikupunguzia. Kumi."

"Kumi." Aliketi, akachukua jani jingine, akalitoboa.

Salme akaharakisha maneno. Ataandika barua mkoani, hata mkuu wake akikataa. Na kama hilo halitawezekana, basi hapa kijijini kuna madarasa ya watu wazima, angeweza kuanzia hapo.

"Kule wanafundisha kusoma na kuandika, mwalimu. Hayo nayajua."

"Nisamehe."

Sikuzani akaweka kijiti chini. "Mimi nilikuwa nimeshakubali kwamba akili zangu ziliishia pale. Nililia, nikanyamaza, likapoa. Leo umekuja kuniambia akili ninazo. Nizifanyie nini hapa?" Sauti yake haikupanda. "Wewe umeutua mzigo wako. Haya. Ila mama usimwambie. Yeye alilia kuliko mimi."

Mama mkwe alitokea na kibuyu cha asali. Kusikia mgeni ni mwalimu, akamshika mikono yote miwili.

"Tunakushukuru, mwalimu! Huyu ndiye anayehesabu vijiti vyetu vyote. Hajakosea hata siku moja."

Salme aliipokea asali, kwa kuwa kuikataa kungekuwa kuitukana nyumba. Sikuzani alimsindikiza mpaka barabarani, kama adabu inavyotaka, wakasubiri gari. Lori lilipofika akasema, "Safari njema, mwalimu," akarudi zake kabla halijaondoka.

Barua ya mkoani Salme aliiandika. Haikujibiwa. Akaandika ya pili. Mwalimu Justus akaitwa mkoani kwa ajili ya barua hiyo, na aliporudi hakumsalimu Salme tena mpaka yeye Justus alipohamishwa. Asubuhi moja, Salme akipita sokoni, Bi Batuli alimfungia vitumbua viwili kwenye karatasi.

"Chukua tu, mwalimu. Ulimhangaikia sana mwanangu darasani. Bahati yake ndiyo haikuwepo."

"Ndiyo, Bi Batuli," Salme alijibu, na akavipokea.