Sauti Mlangoni mwa Kibanda

"Hivi shemeji, mkataba wa huo mchezo uliusoma kabla ya kukubali?"

Fundi simu wa nyumba ya pili aliwahi kumuuliza hivyo marehemu, siku alipoununua mchezo mtandaoni. Marehemu akacheka. "Nani asome? Mrefu kuliko mahubiri ya msibani!" Hata mkewe, aliyekuwa akipinda sketi za shule kwenye cherehani, alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

Sasa, miezi minne baada ya maziko, mama mshonaji alikuwa kwenye benchi la ofisi ya kutetea haki za wanunuzi, na binti yake kando.

Mchezo ulikuwa wa kulima. Marehemu na binti yao walilima pamoja kwenye kishikwambi, wakitaniana kuhusu mahindi yasiyolika. Humo marehemu alijenga kibanda, na mlangoni akaweka sauti yake. Ukibisha, unamsikia: "Karibu mwanangu. Umekula?" Binti alikuwa karani wa duka la dawa. Kila akirudi kazini alibisha pale kwanza, hata viatu hajavua. Sauti nyingine ya baba yake hawakuwa nayo.

Jumatatu, binti akiwa kazini, kishikwambi kilileta tangazo: masharti yamebadilika, thibitisha kwamba wewe ndiye mwenye akaunti. Kitufe kilisema Ndiyo. Mama alikitazama, kidole kikawa kizito kama jiwe. Aseme yeye ndiye mumewe, na mumewe yuko kaburini, Mungu anamwona? Akagusa palipoandikwa Msaada, akaandika taratibu: *Mwenyewe alifariki. Mimi ni mjane wake. Tunaomba tuendelee.*

Mchezo ukafungwa papo hapo. Jibu likaja: akaunti ni ya mtu mmoja, hairithiwi. Kifo kikithibitishwa, kila kilichomo kitafutwa.

"Mama, nani alikutuma?" binti alimuuliza jioni ile. Tangu hapo hakusema naye tena ila salamu.

Afisa, mama wa makamo mwenye miwani, aliwaita ndani. Alikwisha kuyasoma masharti yote, kurasa thelathini na moja.

"Dada yangu, nisikufiche. Mchezo ungekuwa mbovu, ningewabana mpaka waombe maji. Lakini mumeo hakununua mchezo. Alinunua ruhusa ya kuucheza, na ruhusa imekwenda naye."

"Lakini sauti si ya kampuni! Ni ya mume wangu!"

"Ukurasa wa kumi na tisa. Unachoweka humo, wanaweza kukifuta."

Binti alikuwa akitafuna ukucha. Afisa alivuta simu ya mezani, akashusha sauti. "Nawapigia kampuni sasa. Watakuuliza swali moja tu. Ujumbe huandikwa kwa makosa kila siku, hata ule wako wa Jumatatu. Mimi sijasema kitu."

Mama alielewa. Binti akaukamata mkono wake, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Mama, neno moja tu," alinong'ona. "Baba mwenyewe angecheka. Nakuomba, mama yangu."

Simu ikapokelewa. Sauti ya kijana, yenye adabu, ikajaza chumba. "Mama, shikamoo. Tunahitaji kuhakikisha. Mwenye akaunti hii yu hai?"

Mama alifumba macho. Alikumbuka alivyomfunga mumewe kidevu kwa kitambaa, mikono yake hii hii. Akaogopa kusema. Akaogopa zaidi kumfanya hai kwa mdomo wa uongo, halafu apige magoti kuomba kwa mdomo huo huo. Mkono wa binti ulikuwa ukimbana mpaka mifupa inauma.

"Mama? Unanisikia?" kijana akauliza.

"Nakusikia, mwanangu," alisema. "Mume wangu amefariki."

"Pole sana, mama. Basi tunafuta."

Mkono ukamwachia. Binti akachukua mkoba wake sakafuni, akausukuma mlango, akatoka.