Mpangaji wa Birika

Mama tusiyemjua aliingia kwenye ofisi yetu ya mizigo huku ugenini, barabara ya Huanshi Zhonglu, bila hodi, amekumbatia ndoo, maji ya chumvi yakichuruzika juu ya marobota ya kwenda Dar.

“Iko wapi ule mtoto alisoma samaki?”

Shangazi Hafidha akaninyooshea kidole. Tangu nipate shahada ya sayansi ya bahari, hakuna mteja aliyewahi kuniulizia mimi. Wote huulizia meli.

Mama huyo aliitwa Brigitte, wa Lubumbashi, mwenye mkahawa mtaa wa nyuma. Ndani ya ndoo mlikuwa na jiwe la matumbawe alilonunulia tangi lake la samaki. Mawe haya huja na wageni wamejificha matunduni.

“Kaa wangu wanne wamekwisha. Iko mnyama ndani. Saa sita nachemsha jiwe, bon, mambo kwisha.”

“Usilichemshe, mama! Humo mna roho nyingi.” Nikaendelea kabla sijafikiri, “Nikimpata mwenye kosa nitamfuga mwenyewe, kwenye tangi langu hili la mezani. Naahidi.”

“Hata kama ni nyoka?”

“Hata nyoka.”

Niliwasha tochi ya simu. Mnyoo mwenye miba myeupe akajikunja, Brigitte akaruka.

“Huyo mfagiaji tu,” nikamwambia. “Anakula makombo. Ila usimguse, anawasha.”

Nikamwonyesha kiti cha pweza, mnyama mwenye umbo la nyota, mdogo kuliko ukucha. Brigitte akavuta kiti, akaanza kuuliza kama mtoto: na huyu? Na yule kule? Lakini mla kaa sikumwona, na ilishafika saa tano.

Shangazi akainama juu ya ndoo. Yeye amekulia Jambiani, akitoka mwambani na wanawake wenzake maji yakipwa.

“Nahla, miaka mitatu chuoni hujui jaa? Tazama mlango ule.”

Mbele ya tundu moja kulikuwa na magamba ya kaa yamerundikwa, na vijiwe vimepangwa kama ukuta.

“Anayekula akatupa taka mlangoni ni pweza. Sisi tulikuwa tunamjua hivyohivyo.” Akatabasamu. “Na tui la kopo ninalo.”

Nilicheka, kisha nikalitazama tangi langu. Ndani yake waliishi kamba wawili wekundu niliowalea miaka miwili. Nikitumbukiza mkono, hupanda kunisafisha kucha. Pweza asingewaacha hata siku mbili.

“Heri angekuwa nyoka,” Shangazi akasema kwa upole.

Nikachukua birika lake dogo la chai, la udongo, nikatia kipande cha dagaa, nikalizamisha ndooni. Tulingoja. Mkono mwembamba kama tambi ukachungulia, ukapapasa, kisha mwili wote ukamiminika ndani ya birika.

“Amehama!” Brigitte akapiga makofi. Halafu akaona ninavyowatazama kamba. “Binti yangu, tumpike huyu mmoja tu. Mimi sitakuambia kitu.”

“Nimeshaahidi, mama.”

Nikawatia kamba wangu kwenye mfuko wa maji, nikampa yeye. “Wanapenda kucha. Tia mkono taratibu.”

Aliupokea kwa mikono miwili, akalibeba jiwe lake bichi ndani ya ndoo, akaondoka.

Nilipolishusha birika kwenye tangi, Shangazi alikuwa ananung'unika kuhusu chai yake. Akafunika tangi, akasukuma kifuniko kwa kidole.

“Chepesi hiki. Atatoroka.”

Akaenda kabatini, akarudi na kopo la tui, akaliweka juu.