Mabawa ya Maganda ya Mahindi

Helena aliporudi kijijini kwake Mkunya kutoka kambi ya wakoma, alikuta mumewe ameshaoa mke mwingine. Kaka yake, Arthur, alimjengea kibanda pembezoni mwa shamba la mikorosho. Kila siku alimwachia muhogo na maji mlangoni, kisha akaenda zake. Vidonge vya misheni vilikuwa vimemponya kabisa, na daktari alilisema hilo mbele ya watu. Lakini vidole vilivyokufa ganzi havikufufuka, na watu waliamini vidole kuliko daktari.

Noeli ilipokaribia, Mama Yohana, mke wa mwalimu wa dini, alikuja akasimama uani.

"Dada Helena, watoto wataigiza kuzaliwa kwa Bwana, nao hawana hata shuka la kujifunika. Nasikia kule kambini mlikuwa mnaigiza kila mwaka. Mlivaa nini?"

"Tulichookota," alisema Helena. "Sindano nani angeishika?"

Mama Yohana alicheka, kisha akaona haya. Helena naye akacheka. Kicheko cha watu wawili kilikuwa hakijasikika pale tangu kibanda kijengwe.

Basi akaanza kuokota. Magunia yaliyochakaa aliyatoboa kwa kisu, tundu la kichwa na mawili ya mikono, akayafunga kiunoni kwa kamba za magome: wachungaji hao. Gunia jingine alilipaka uji mzito wa muhogo, akalibandika sufi mpaka likawa kondoo. Mataji ya Mamajusi aliyakunja kwa magome makavu ya mgomba, akayavika karatasi za kung'aa za pakiti za sigara zilizotupwa nje ya duka. Mabawa ya malaika ndiyo yaliyomshughulisha zaidi. Aliyapanga maganda ya mahindi, moja likilalia jingine kama manyoya ya kuku, akayabana kwa miiba kwenye fito alizozipinda. Mwiba ulipomchoma hakusikia kitu. Aliona tu damu kwenye ganda, akalitupa, akachukua jingine. Aliongea na mavazi yale akiyaita Mchungaji, Mfalme, Malaika, maana hapakuwa na mwingine wa kumwita.

Siku ya kuyajaribu, akina mama waliwakataza watoto wasimkaribie. Mama Yohana akawavisha mwenyewe, Helena akimwelekeza kutoka mbali: "Hapo inua kidogo. Ncha ya mwiba itazame nje, isimchome."

Siku ya Noeli alisimama nje, kwenye mlango wa kanisa. Wachungaji walipita. Kondoo akapiga chafya kwa sababu ya sufi, watu wakavunjika mbavu. Kisha malaika, mtoto aitwaye Julia, akainua mikono, na bawa moja likaning'inia. Akatazama huku na huku. Akashuka, akapita katikati ya watu mpaka mlangoni, akamgeuzia Helena mgongo.

"Shikamoo, Bibi. Limetoka."

"Marahaba, mwanangu. Simama wima."

Helena akainama kwenye bawa. Vidole vilichelewa kuupata mwiba, vikauangusha, vikautafuta tena, na macho yote yalivitazama. Hatimaye bawa likashika. Julia akarudi mbio, akatangaza habari njema kwa sauti kubwa kuliko alivyofundishwa.

Baada ya ibada watu walimzunguka Mama Yohana kwa sifa. Aliposema, "Kazi ya Helena hiyo," sifa zilikauka midomoni. Helena alikuwa ameshashika njia ya kwake.

Kesho yake akasikia, "Hodi!" Alikuwa mama yake Julia. Helena akatoa kigoda, akakipangusa kwa pindo la kanga.

"Karibu, Mama Julia. Karibu uketi."

"Hapa panatosha. Mtoto alilala na mabawa yake, yakavunjika. Analia, hataki kula." Akayaweka chini, akarudi nyuma kidogo.

Helena akayatengeneza polepole kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa alipenda kusikia mtu akipumua uani kwake.

"Ganda lolote linafaa?" Mama Julia aliuliza.

"Ya ndani, yale laini. Ya nje hupasuka."

"Kumbe."

Mama Julia akayachukua mabawa, akasema, "Asante, Helena," akaondoka.

Helena alisikiliza nyayo mpaka zikapotelea mikoroshoni. Kisha akaketi mwenyewe juu ya kigoda, akaanza kuchambua maganda yaliyobaki, laini upande huu, magumu upande ule.