Ngome Mbele, Ngome Nyuma

Mwaka 1983, Emőke Vadas na kaka yake Tihamér waliingia kwenye mashindano ya programu za sataranji mjini Budapest, kompyuta yao wameiviringisha kwenye blanketi. Programu waliiandika jikoni kwa mama yao, huku wakigombania kiti kimoja.

Mchezo wa kwanza uliwaaibisha. Programu ilihifadhi kila tawi la mti wa hatua: nikienda hapa ataenda pale, nami nitajibu hivi. Matawi yakazaana, kumbukumbu ikajaa pomoni, kompyuta ikaganda mbele za watu.

Tihamér akatoka kuvuta sigara. Emőke akabaki akiibadilisha programu ishike njia moja tu kwa wakati mmoja: ishuke hadi chini, ikipanda ibaki na alama ya ubora wa hatua tu na kusahau mengine. Bado nafasi haikutosha. Cha kuondoa kilikuwa kimoja tu: jedwali la kaka yake, lililoonyesha jinsi ya kushinda ukibaki na kete ya ngome na askari mmoja. Tihamér alilihangaikia majira yote ya baridi. Emőke akalifuta. Atamweleza akirudi.

Tihamér akarudi mchezo wa pili ukianza.

"Umeirekebisha?"

"Imekaa sawa," Emőke alisema, la jedwali asiligusie.

Programu ilicheza kama simba. Hlavsa, Mcheki waliyeshindana naye, akapoteza kete moja baada ya nyingine, hadi upande wa ndugu hawa ukabaki na ngome na askari mmoja. Tihamér akasugua viganja.

"Hapa sasa ni nyumbani kwangu. Tazama, mdogo wangu."

Ngome ikaenda mbele. Ikarudi nyuma. Ikaenda mbele tena.

"Ngome yenu inapiga doria?" Hlavsa akauliza.

Programu haikukumbuka ilikokwisha kupita. Kila zamu iliuona ushindi mbele kidogo, ikachagua hatua zilezile. Hali ileile ya ubao ilipotokea mara ya tatu, mwamuzi akatangaza sare, kama sheria ya sataranji isemavyo. Tihamér alikuwa amekwisha kuelewa.

"Umelifuta."

"Ingeganda tena, kaka. Uliiona asubuhi."

"Nakala ninayo kwenye kaseti. Si jedwali linaloniuma. Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Tungegombana, ningekutukana, halafu ningekubali. Ndivyo tulivyo siku zote. Leo umeniona nani?"

Hlavsa alijifanya anapanga kete zake.

Kesho yake Tihamér alikuja, akaketi.

"Imebaki nafasi ya jedwali?"

"Hapana."

"Basi iache hivyo."

Walimaliza wa tatu, watu wakawapongeza. Baada ya hapo kila Emőke alipomwita waendelee na kazi, Tihamér alikuwa na udhuru: mara homa, mara wageni. Mama yao akauliza kwa nini siku hizi jikoni hakuna kelele. Emőke akamwambia programu imekamilika.